Dekonti imeingia mu mufuko: sasa mukubwa ni nani?

Wandugu wafanyakazi na wamama zetu ku nyumba, kila mara kontra ya sutretansi inaisha, tunasikia neno moja: "Dekonti ikitoka, nitafungua duka, nitakuwa mukubwa wangu mwenyewe." Wazo ni nzuri. Lakini tukumbuke ile tuliona na macho yetu.

Mu mwaka 2003, Gécamines ilianza mpango wa départs volontaires na feza ya Banki ya Dunia. Watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Sisi watoto wa makambi tuliona baba zetu wanafungua maduka, wanaweka magari ku barabara. Wengi walifunga mbio. Si kwa kukosa akili. Miaka mingi kampuni iliwapa mushahara, posho, nyumba na hospitali. Ukubwa ule walijua ni wa kapita: kutoa amri.

Jirani yetu mumoja alikuwa na duka ya unga. Jioni nyumba inakula toka mu duka, shemeji anabeba sukari ya deni, matanga ikifika feza inatoka mu kasha. Bibi yake akiuliza: "Baba, faida iko wapi?", yeye anajibu: "Mukubwa ni nani hapa?" Siku duka ilibaki tupu, swali lake halikupata jibu. Njo ule bibi, na meza yake ya samaki ku soko na kaye ile alikuwa anaandika kila franga, alilipa minervali ya watoto. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tunasema hivi. Uliununua mufuko wa unga 36,000, umeuuza 40,000: yako ni 4,000 tu, tena toa usafiri na takse. Jiwekee mushahara, hata kidogo, usipite hapo. Deni ya jamaa iandikwe, iwe na siku ya mwisho. Usikimbilie Banki Lambert: unakamata 100, mwisho wa mwezi wanangojea 150. Na yule anajua kuhesabu ashike kasha, hata akiwa ni bibi yako.

Mu sendika kila siku tunamuomba patro atuonyeshe hesabu. Siku sisi tunakuwa mapatro, tusikatae kuulizwa.