Misuli Inapogoma Dakika za Lala Salama

Kitale si mji wa joto kali. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, karibu na miteremko ya Mlima Elgon, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 19 za Selsiasi. Hata hivyo, simama kando ya uwanja mtaani Tuwan jioni, mechi ikiwa imefika dakika ya 75, na huenda ukamwona kijana akienda chini bila kuguswa na mtu. Shavu la mguu limejikunja na kuwa gumu kama jiwe, vidole vimeelekea chini. Mwenzake ameshapiga magoti, ameshika kiatu kwa mikono miwili na anakisukuma kuelekea ugokoni. Watazamaji wanapaza sauti: mpeni maji! Mwingine anasisitiza kwamba ni chumvi iliyomwishia.

Katika kelele zote hizo, aliyeshika kiatu ndiye anayefanya jambo la maana zaidi.

Habari ya maji na chumvi haikuzuka tu. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Uingereza waliwachunguza wachimba makaa ya mawe waliofanya kazi chini ya ardhi kwenye joto kubwa, wakatokwa na jasho jingi na kunywa maji matupu, kisha wakabanwa na misuli hadi wakashindwa kusimama. Chumvi kidogo ilipotiwa kwenye maji yao, wengi walipata nafuu. Tangu hapo makocha wa kila mchezo wakalishika hilo: mchezaji akianguka, amekaukiwa.

Tatizo ni kwamba maelezo hayo hayatoshi uwanjani. Chumvi ikipungua, inapungua katika damu, na damu inazunguka mwili mzima. Mbona basi hubanwa shavu la mguu au nyuma ya paja, yaani misuli iliyofanya kazi zaidi, huku mikono ikiwa salama? Na mbona kuunyoosha mguu kunaleta nafuu kwa sekunde chache, ilhali kunyoosha hakuongezi hata chembe ya chumvi mwilini?

Daktari wa michezo wa Afrika Kusini, Martin Schwellnus, alilifuatilia swali hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanamichezo 210 walioshiriki mashindano marefu ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Waliobanwa na misuli hawakuwa wamepoteza maji kuliko wenzao, wala kiwango cha chumvi katika damu yao hakikueleza kilichowapata. Tofauti ilikuwa kwingine: walikimbia kwa kasi kubwa zaidi, na wengi wao walikuwa wamewahi kubanwa siku za nyuma.

Maelezo ya Schwellnus, aliyoyatoa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, yanaanzia kwenye neva. Ndani ya kila msuli kuna vihisi vinavyopima jinsi unavyovutwa. Vikisisimka, vinaupelekea uti wa mgongo ujumbe wa kuukaza msuli. Kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, kuna vihisi vingine vyenye kazi ya kinyume: mvutano ukizidi, vinatoa amri ya kulegeza. Msuli uliochoka huvuruga mizani hiyo. Vihisi vya kukaza vinazidi kupiga kelele, vya kulegeza vinanyamaza, na amri za kujikaza zinafuatana bila breki. Hatari ni kubwa zaidi msuli ukiwa tayari umejifupisha, kama shavu la mguu wakati mchezaji ananyanyuka kwa ncha za vidole. Anayemsukumia mwenzake kiatu kuelekea ugokoni anaivuta kano ya kisigino, na vihisi vya kulegeza vinaamka.

Kriketi inaonyesha jambo hili vizuri kuliko michezo mingi, maana mechi ya ova 50 (ova ni fungu la mipira inayorushwa) huchukua kama saa saba, nyingi zikiwa za kusimama na kusubiri, kisha ghafla mtu anatakiwa kukimbia kwa nguvu zake zote. Mrushaji wa kasi anaweza kumaliza siku akiwa ametembea na kukimbia karibu kilomita 13, na kila anapoutua mguu wa mbele kuachia mpira, mguu huo hupokea kishindo kinachoweza kuzidi uzito wa mwili wake mara tano. Mpigaji naye hukimbia, hufunga breki, hugeuka na kurudi, akiwa amevaa kofia ngumu, glavu na pedi nzito miguuni zinazozuia joto kutoka.

Wakenya wanaikumbuka tarehe 24 Februari 2003, siku timu yao ilipoilaza Sri Lanka jijini Nairobi katika Kombe la Dunia. Collins Obuya alirusha ova zake zote kumi na kuangusha wiketi tano, yaani kuwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24. Obuya alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzungusha, anayekuja kwa hatua chache tu, na mzigo wa miguu yake haukuwa sawa na wa Thomas Odoyo au Martin Suji waliokuja mbio kutoka mbali. Ng'ambo ya mpaka, Mganda Frank Nsubuga aliruhusu mikimbio minne pekee katika ova nne dhidi ya Papua New Guinea kwenye Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 43. Yeye pia ni wa mpira wa kuzungusha. Kumbe kuwa fiti ni kuwa fiti kwa kazi fulani.

Kuna siku ambapo joto na uchovu hukutana. Mwaka 1986, katika mji wa Madras nchini India, ambao leo unaitwa Chennai, Mwaustralia Dean Jones alipiga mikimbio 210 huku akitapika na kubanwa na misuli, na baadaye akapelekwa hospitali kutundikiwa maji. Tarehe 7 Novemba 2023 mjini Mumbai, mwenzake wa kizazi kingine, Glenn Maxwell, alishinda ova 50 uwanjani Afghanistan ikipiga, kisha akaingia kupiga yeye. Australia ilikuwa imepoteza wiketi saba kwa mikimbio 91, ikihitaji 292. Misuli ilimkamata miguuni na mgongoni hadi akagaragara chini. Alichofanya ni karibu kuacha kukimbia kabisa. Alisimama mahali pamoja na kuusukuma mpira nje ya mpaka. Kwa jumla siku hiyo aliufikisha huko mara 21 kwa nne, mara 10 kwa sita. Ukipiga hesabu, mikimbio 144 kati ya 201 aliyopata haikumdai mbio. Nahodha Pat Cummins alikaa naye upande wa pili kwa mipira 68 na kupata 12 tu, na Australia ikashinda.

Je, maji yana kazi gani basi? Yanayo, ila si maji matupu kila wakati. Mwaka 2019 watafiti nchini Australia waliwakimbiza wanaume kwenye joto hadi wakapoteza asilimia 2 ya uzito wao, kisha wakawanywesha. Waliponywa maji ya kawaida, misuli yao ilibanwa kwa wepesi zaidi ilipochokozwa kwa umeme. Waliponywa mchanganyiko kama ule wa ORS, ikastahimili zaidi. ORS ni ileile pakiti ambayo kina mama wa Bungoma na Kitale hununua katika duka la dawa mtoto anapoharisha. Bungoma, iliyo chini kwa karibu mita 500 na yenye joto zaidi, ina sababu kubwa ya kuikumbuka.

Ajabu nyingine ni achari. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waligundua kwamba maji ya achari ya matango yalikatisha mbano wa misuli ndani ya kama dakika moja na nusu, mapema kuliko maji ya kawaida. Muda huo hautoshi chumvi kufika kwenye damu, kwa hiyo yaelekea ni ukali wa siki kooni unaozituliza neva.

Kinga yenyewe iko mazoezini. Misuli ya nyuma ya paja huimarishwa kwa kupiga magoti, mwenzako akikushika vifundo vya miguu, nawe ukijishusha mbele polepole kadiri unavyoweza kujizuia. Shavu la mguu huimarishwa kwenye ngazi: unasimama kwa nusu ya wayo, unanyanyuka, kisha unashusha kisigino taratibu chini ya ukingo. Anayefanya hivyo wiki baada ya wiki, na kuuzoea mwendo wa mechi mazoezini, anausogeza mbali uchovu. Kocha wa mtaani naye aulize mchezaji ameamkia wapi. Kijana aliyepakia magunia ya mahindi kwenye lori tangu alfajiri anaingia uwanjani saa kumi akiwa na misuli ambayo tayari imecheza mechi moja.

Si kila anayeanguka amebanwa na misuli. Maumivu yakija ghafla kama amepigwa kwa nyuma, pakavimba au pakavilia damu, huenda msuli umechanika, na hapo usimnyooshe: mpumzishe, weka barafu, mpeleke kituo cha afya. Anayebanwa mwili mzima, aliyechanganyikiwa au anayekojoa mkojo mweusi baada ya mazoezi makali, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.