Mpigo wa Umeme na Vipitishi Kamili: Jambo na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Katika mji wa Uvira, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, neno umeme lina kazi mbili: hutaja mwanga uchanao mawingu juu ya ziwa, na hutaja nguvu iwashayo taa. Radi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni pigo lenyewe. Ngurumo ni sauti yake. Makala haya yanakusudia kueleza athari za mpigo mkali wa sumaku-umeme katika vyombo vya elektroniki vyenye vipitishi kamili, yaani metali ambazo zikipozwa sana hupitisha mkondo bila ukinzani wowote.

2. Mpigo

Kivu ya Kusini ni nchi ya radi. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, karibu na Bukavu, kuwa na mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mkondo wa pigo moja hufikia kwa kawaida ampea 30,000 hivi, nao hupanda katika muda wa sehemu chache za milioni za sekunde. Kasi hiyo ndiyo yenye madhara: uga wa sumaku unaobadilika ghafula huzalisha volteji katika waya ulio karibu, ijapokuwa radi haikuugusa. Ndiyo maana redio huweza kuungua katika nyumba ambayo haikupigwa.

3. Athari

Upitishaji kamili uligunduliwa na Kamerlingh Onnes huko Leiden mwaka 1911. Hali hiyo ina mipaka mitatu: joto, uga wa sumaku na mkondo. Niobi, metali itumiwayo sana katika vyombo hivi, huipoteza ikipita nyuzi -264 za Selsiasi. Mpigo ukivuka mpaka wa uga au wa mkondo, ukinzani hurudi. Ukinzani huzaa joto, na joto huvuka mpaka uliosalia.

Athari zake ni za namna tatu. Kwanza, chombo huzimika kwa muda, kisha hurejea kikipoa. Pili, sumaku hunaswa ndani ya metali na kupotosha vipimo, mpaka chombo kipashwe joto na kupozwa upya. Tatu, utando wa kihami ulio katika kiungo cha Josephson, wenye unene wa nanomita chache tu, hutobolewa; hapo hakuna tiba.

4. Hitimisho

Niobi hupatikana pamoja na tantali katika koltani, madini yanayochimbwa Kivu. Hivyo ardhi ya eneo hili hutoa metali, na anga yake hutoa mpigo. Lakini somo lenyewe hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi akiambiwa kwa Kiswahili kwamba “umeme umeharibu chombo”, hatajua kama ni mkondo uliozidi, radi iliyopiga, au mpigo usiogusa. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mkondo uliozidi huzuiwa kwa fyuzi. Radi huelekezwa ardhini kwa fimbo ya chuma. Mpigo huhitaji kasha la metali lililozibwa pande zote na kichujio katika kila waya uingiao. Anayechanganya majina atachanganya na kinga. Yafaa basi mkondo, radi na mpigo zitumike kama istilahi tatu zilizo mbalimbali, na neno umeme libaki kuwa jina la ukoo wao.