Umeme Safi Nao Hupimwa

Hakuna ubishi kwamba umeme wa upepo ni bora kuliko ule wa makaa ya mawe, kwa kuwa kuuzalisha hakufukizi moshi. Hata hivyo, wema wa jambo hauliondolei wajibu wa kupimwa. Hilo twajifunza kwa London Array, mradi wa mitambo ya upepo baharini nchini Uingereza.

Mradi huo ulipata kibali mwaka 2006, ukikusudia kufikia megawati 1,000. Umejengwa nje ya mdomo wa mto Thames, kilomita 20 hivi kutoka pwani. Lakini maji hayo yalikuwa na wenyeji. Kila majira ya baridi, maelfu ya ndege wazamiaji wenye koo jekundu hushuka kutoka kaskazini kutafuta samaki humo. Kwa ajili yao, eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2010.

Wengi hudhani kwamba hatari ni ndege kupigwa na mapanga ya mtambo. Kwa ndege huyu, hatari kubwa ni nyingine: huiogopa mitambo na kuyahama maji yanayoizunguka. Katika Bahari ya Kaskazini upande wa Ujerumani, watafiti wamekuta ndege hao wamepungua hata zaidi ya kilomita 10 kutoka kwenye mitambo. Hakuna mzoga wa kuokota, ila malisho yamepotea.

Ndiyo maana tathmini haiishii kuhesabu waliokufa. Wataalamu huwahesabu walio hai, kwa meli na kwa eropleni, kabla ya ujenzi na baada yake, kisha hujumlisha athari za miradi jirani. Mwaka 2004, katika shauri la uvuvi wa samakigamba huko Uholanzi, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kibali kitolewe pale tu isipobaki shaka ya maana ya kisayansi juu ya usalama wa hifadhi.

Awamu ya kwanza ilizinduliwa mwaka 2013, ikiwa na mitambo 175 na megawati 630. Awamu ya pili ilitegemea kuonyesha kwamba ndege hawatadhurika. Februari 2014, wenye mradi waliiacha, kwani kukusanya takwimu kungehitaji takriban miaka mitatu zaidi, tena bila hakika ya kuruhusiwa.

Wapo watakaosema kwamba kupoteza umeme safi kwa ajili ya ndege ni hasara. Hoja hiyo ina uzito, maana joto la dunia huwadhuru ndege na watu pia. Lakini sisi twaona dawa si kuacha kupima, bali kupima mapema, mahali pa kujenga pangali pakichaguliwa kwenye ramani.

Nanyi wazazi, wafunzeni watoto kuuliza maswali mawili juu ya kila mradi unaosifiwa: unaleta nini, na ni nani aliyekuwapo hapo kabla yake?