Kwa nini nyumba moja inaanguka na jirani yake inabaki?

Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu asubuhi, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilitikisa Bukavu na ng'ambo ya Rusizi, nchini Rwanda. Makumi ya watu walikufa. Kuna kuta zilizoanguka, na nyingine karibu nazo zikasimama. Kwa nini?

Udongo ulio chini

Weka bakuli la uji mezani, kisha gonga meza. Meza inatikisika kidogo, lakini uji unayumba kwa muda. Ndivyo ilivyo ardhi. Kwenye mwamba mgumu, mtikisiko hupita haraka. Kwenye udongo laini, kinamasi au shimo lililojazwa takataka, mtikisiko hupungua mwendo lakini huongezeka nguvu. Mwaka 1985 tetemeko lilitokea mbali sana na mji wa Mexico, lakini majumba mengi ya mji huo yalibomoka, kwa sababu yalijengwa juu ya tope la ziwa la zamani.

Pia kila nyumba ina mwendo wake. Nyumba fupi hutikisika haraka, ghorofa huyumba polepole. Mwendo wa ardhi ukilingana na wa nyumba, ni kama kusukuma bembea kwa wakati wake: inazidi kupanda.

Vifaa vya ujenzi

Matofali na udongo hubeba uzito vizuri, lakini vikivutwa vinapasuka. Mbao na vyuma hupinda kwanza. Tena, nyumba nzito husukumwa kwa nguvu zaidi kuliko nyepesi. Kwa hiyo nyumba ya mbao, ikiungwa vizuri, si aibu: inaweza kumwokoa mwenyewe.

Tufanye nini?

- Tusijenge kinamasini wala kwenye ukingo wa mteremko.
- Msingi ufike kwenye udongo mgumu.
- Tufunge kuta zote kwa mkanda mmoja wa mbao, au wa simenti na vyuma, juu ya milango.
- Milango na madirisha yawe mbali na pembe za nyumba.
- Mabati yapigiliwe misumari, yasilaliwe na mawe.

Kwa viongozi

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalifuata siku nyingi, na nyumba za Goma zilipasuka. Aliyekimbia vita mara nyingi hupewa kiwanja ambacho wenyeji wamekikataa. Mkuu anayegawa viwanja anagawa pia usalama. Akiwapa wageni kinamasi na ndugu zake mwamba, tetemeko litaonyesha ubaguzi huo, na chuki itabaki baada ya vumbi kutulia.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni nani wanaoishi kwenye udongo mbaya? Walifikaje hapo?
2. Ni ukuta gani tunaoweza kuuimarisha pamoja juma hili?