Damu Ina Kumbukumbu: Somo Kutoka Tauni ya Shume

Ukitaja Shume hapa chuoni, wengi wanafikiria viazi, kabichi na baridi ya milimani. Sisi wa huko tunajua na neno jingine: tauni. Kati ya 1980 na 2004 ugonjwa huu ulirudi mara kwa mara katika vijiji vya Lushoto, Shume ikiwemo. Waliougua walizidi 7,000 na waliofariki walizidi 500. Siku hizi hausikiki, lakini kuna somo umetuachia kuhusu vipimo vya damu, na linamhusu kila anayepanga foleni maabara.

Bakteria wa tauni huishi kwa panya, na viroboto ndio wanaomleta kwa binadamu. Siku 2 hadi 7 baada ya kuumwa na kiroboto, homa kali inaanza na mtoki unavimba. Katika wagonjwa 10 wasiotibiwa, 3 hadi 6 hufa. Kwa hiyo muda ni mchache mno.

Sasa, njia mojawapo ya kuitambua tauni ni kupima kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ukikutana na kijidudu. Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Kipimo hiki hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta alama kwamba mwili umewahi kukutana naye.

Tatizo la kwanza: mwili hauzitengenezi kingamwili siku ileile. Huchukua wiki hivi au zaidi. Mgonjwa wa siku ya pili anaweza kupata jibu “hasi” na huku tauni anayo. Tatizo la pili: ukishapona, kingamwili hubaki muda mrefu. Mtu aliyeugua msimu uliopita, leo ana malaria tu, anaweza kupata jibu “chanya”.

Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha. Huchukuliwa damu mara mbili, mwanzoni na wiki kadhaa baadaye. Kiwango kikipanda mara nne au zaidi, hapo ugonjwa ni wa sasa. Lakini nani atasubiri wiki kadhaa na mtoki umevimba? Daktari huchukua majimaji ya mtoki yakaoteshwe maabara, na dawa huanza hapohapo bila kungoja jibu. Watafiti wa Madagascar walitengeneza kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya bakteria mwenyewe, na majibu hutoka kwa dakika 15 hivi.

Je, kingamwili hazina kazi? Zinayo, tena kubwa. Lushoto watafiti walipima damu ya panya na ya mbwa. Mbwa hula panya mgonjwa, mara nyingi hafi, ila kingamwili zinabaki. Damu yake inakwambia tauni imepita jirani hata kama hakuna mtu anayeumwa.

Kwingineko duniani hali ni hiyohiyo. Ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe huko Marekani na Ulaya, hupimwa kwa kingamwili kwa hatua mbili. Wiki za mwanzo jibu linaweza kuwa hasi, na baada ya tiba linaweza kubaki chanya kwa miaka.

Na hapa chuoni? Kuna Widal, kipimo cha taifodi kilichoanza Ufaransa mwaka 1896. Nacho kinatafuta kingamwili. Jamani, ni wangapi tumeambiwa “una taifodi” kwa tone moja la damu, tukameza antibaiotiki, na muhula uliofuata tukaambiwa tena vilevile? Dawa zikitumika ovyo, bakteria huzizoea, na siku ya taifodi ya kweli zinagoma.

Basi ukipewa karatasi ya majibu, muulize daktari maswali mawili: kipimo hiki kimemtafuta mdudu au kingamwili? Kuna haja ya kuotesha damu? Na wewe mwambie umeanza kuumwa lini, na kama uliwahi kuugua au kuchanjwa. Bila maelezo hayo, neno “chanya” peke yake halijamwambia mengi.