Winga wa Takaba na milango ya Uingereza: Kwa nini kasi pekee haitoshi

MNAMO Julai 22, 2020, klabu ya Barnsley ilikuwa imesalia na dakika chache tu kabla ya kuteremshwa kutoka Ligi ya Championship nchini Uingereza. Ndipo Clarke Oduor, chipukizi wa miaka 21 aliyetokea benchi, alipofunga bao katika muda wa majeruhi na kuwapa Barnsley ushindi wa 2-1 dhidi ya Brentford. Bao hilo liliwanusuru Barnsley, nao Brentford wakakosa nafasi ya kupanda moja kwa moja hadi Ligi Kuu.

Mfungaji huyo alizaliwa Siaya, magharibi mwa Kenya. Jambo hilo laweza kumtia moyo kijana yeyote anayesakata kabumbu pembeni mwa uwanja, awe Kisumu, Kilifi au Takaba katika Kaunti ya Mandera. Hata hivyo, safari ya Oduor haikuanzia katika ligi ya Kenya wala katika mashindano ya shule za Kenya. Aliihama nchi angali mtoto, akakulia Leeds na kulelewa kisoka katika akademia ya Leeds United. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni nani atakayefika na ni nani atakayebaki.

Winga ni mchezaji anayetumwa kando kando ya uwanja, kulia au kushoto. Kazi yake ya jadi ni kumpita beki, kufika karibu na kibendera cha kona na kuwamiminia krosi wafungaji. Sir Stanley Matthews, aliyekuwa mwanasoka wa kwanza kutuzwa Ballon d'Or mwaka 1956, alijijengea jina kwa kazi hiyo hiyo, na mnamo Februari 1965 alicheza mchuano wake wa mwisho wa ligi akiwa na miaka 50. Lakini Matthews ni mmoja katika maelfu. Mawinga wengi huitegemea kasi, na kasi ndiyo ya kwanza kumhama mtu umri unaposonga.

Winga wa leo ana mzigo zaidi. Hutakiwa kurudi nyuma kukaba, kuingia katikati, na hata kucheza kama beki wa pembeni. Oduor mwenyewe amewahi kutumiwa kama beki wa kushoto, kiungo na winga. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa mbio tu. Hufunzwa hatua kwa hatua tangu utotoni. Katika akademia za Uingereza, watoto huanza kusajiliwa rasmi katika timu za walio chini ya miaka 9. Afikapo miaka 16, mtoto huyo amekwisha kupokea mafunzo ya miaka kadhaa chini ya makocha waliosomea kazi hiyo.

Hata baada ya malezi hayo yote, maisha ya mwanasoka wa kawaida si ya fahari. Oduor alichezea kikosi cha kwanza cha Leeds katika Kombe la FA mnamo Januari 2019, akahamia Barnsley mwezi wa Agosti mwaka huo, akapelekwa Hartlepool United kwa mkopo mwaka 2023, kisha akajiunga na Bradford City na baadaye Grimsby Town. Hiyo ndiyo sura halisi ya taaluma hii: mikataba mifupi, kuhamahama, na kushuka daraja ili kupata nafasi ya kucheza.

Sasa tuseme kijana wa Takaba ana kipaji kisichopungua cha Oduor. Mlango wa kwanza atakaoukuta ni wa umri. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinapiga marufuku mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa katika hali chache. Moja ni pale wazazi wanapohama kwa sababu zisizohusu kandanda. Nyingine ni pale mtoto anapoihama nchi yake kwa sababu za kibinadamu, kama vile vita. Kanuni hiyo ilinuiwa kuwalinda watoto dhidi ya walanguzi waliokuwa wakiwapeleka Ulaya na kuwatelekeza mitaani waliposhindwa majaribio. Uingereza ilipojiondoa katika Umoja wa Ulaya, klabu zake zilipoteza hata ruhusa ya kusajili vijana wa miaka 16 na 17 kutoka bara hilo.

Maana yake ni kwamba mtoto huingia akademia ya Uingereza kwa sababu familia yake tayari inaishi huko. Ndivyo ilivyokuwa kwa Oduor. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Islam Feruz, mzaliwa wa Somalia aliyefika Glasgow, Scotland, na jamaa zake wakiwa wakimbizi. Alilelewa na Celtic, na marehemu Tommy Burns, aliyekuwa kocha katika klabu hiyo, aliisaidia familia yake isirudishwe ilikotoka. Mnamo 2011 Feruz alihamia Chelsea, lakini hakupata kuichezea timu kubwa ya klabu hiyo hata mchuano mmoja wa ushindani. Alizungushwa kwa mikopo, akaondoka mwaka 2019. Naye Ayub Timbe Masika, winga wa Harambee Stars aliyechezea Reading kwa mkopo mwaka 2020, malezi yake ya soka yalikuwa Ubelgiji.

Mlango wa pili ni wa kibali. Kijana akifikisha miaka 18, klabu ya Uingereza inayomtaka sharti imwombee idhini ya chama cha soka cha nchi hiyo. Tangu Januari 2021, idhini hiyo hutolewa kwa pointi, na zinazohitajika ni 15. Pointi hutokana na michuano ya kimataifa aliyocheza, ubora wa ligi anakotoka, na dakika alizocheza. Mchezaji wa kutegemewa katika timu ya taifa iliyo miongoni mwa 50 bora duniani hupita bila vikwazo. Kenya, kwa sehemu kubwa ya miaka ya karibuni, imekuwa nje ya 100 bora. Tangu 2023, klabu zimeruhusiwa kusajili wachezaji wachache wasiotimiza pointi hizo, lakini nafasi ni haba na hugombewa na vijana wa dunia nzima.

Wakenya waliuona ukali wa mfumo huo mapema. Mnamo Januari 2010, Manchester City ilitaka kumsajili kiungo McDonald Mariga kutoka Parma ya Italia. Wakati huo kigezo kilikuwa timu ya taifa kuwa miongoni mwa 70 bora. Suala la kibali lilizua mvutano hata aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga, akaingilia kati. Hatimaye Mariga alitua Inter Milan, iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwezi wa Mei mwaka huo huo.

Mlango wa tatu uko nyumbani, na ndio unaowaumiza zaidi wakazi wa Kaskazini Mashariki. Takaba ni makao ya Mandera Magharibi, mji wa wafugaji ulio karibu na mpaka wa Ethiopia, takriban kilomita 200 kutoka mji wa Mandera. Nchini Kenya, mashindano ya shule ndiyo ngazi ya kwanza ya kijana kuonekana, na mashindano hayo huendeshwa na walimu. Mnamo Novemba 22, 2014, Al-Shabaab waliwaua abiria 28 wa basi karibu na Mandera, wakiwemo walimu. Wengi waliosalia walidai uhamisho. Mnamo 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, wengine wakaondolewa katika eneo hilo. Mwalimu anapoondoka, huondoka na somo la hesabu na pia huondoka na timu.

Kuna pia suala la stakabadhi. Kwa miongo kadhaa, wakazi wa kaunti za mpakani walipigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho, shughuli iliyoweza kuchukua miezi au miaka. Mnamo Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa utaratibu huo. Kwa mwanasoka, jambo hilo si dogo: pasipo kitambulisho hakuna pasipoti, na pasipo pasipoti hakuna uhamisho. Tena, umri usio na cheti cha kuzaliwa hutiliwa shaka na kila klabu.

Je, ipo njia? Ipo, ila ni ya kuzunguka. Victor Wanyama alipitia Helsingborg ya Uswidi, Beerschot ya Ubelgiji na Celtic ya Scotland kabla ya kujiunga na Southampton mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Michael Olunga alitoka Gor Mahia hadi Djurgården ya Uswidi mwaka 2016, kisha akajipatia sifa na riziki nchini Japani na Qatar bila kupitia Uingereza kamwe. Ngazi yao ilianzia katika ligi ya nyumbani au katika ligi ndogo za Ulaya zenye masharti nafuu.

Kwa hivyo, mzazi wa Takaba anapofikiwa na mtu anayeomba fedha ili ampeleke mwanawe wa miaka 15 katika klabu ya Uingereza, yafaa ajue kwamba anauziwa kitu ambacho kanuni hazikiruhusu. Fedha hizo zina kazi bora zaidi: cheti cha kuzaliwa, karo ya shule, na nauli ya kufika mahali penye mashindano. Winga huhitaji kasi, lakini kwanza huhitaji kuonekana, na jina lake liandikwe mahali linapotambulika.