Kuwaandikia Wateja wa Nyumbani kwa Barua Pepe: Pa Kuanzia

Sisi tuliopo Guangzhou, hata kama tumekuja kusomea mota na mabomba, tunaijua ile simu ya shangazi: "Hebu niangalizie bei huko." Ukimwangalizia mmoja, kesho wanakuja watano. Siku si nyingi duka la familia la Kariakoo, Gikomba au Kikuubo linataka mtu wa kuwapasha wateja wake habari za mizigo ya China. Mtu huyo ni wewe. (Hapa nasemea kulisaidia duka lililosajiliwa nyumbani. Ukitaka kazi ya kulipwa nje ya chuo, kanuni za China za mwaka 2013 zinataka ridhaa ya chuo na maelezo kwenye kibali chako cha ukaazi. Usicheze na hilo.)

Utaniuliza, WhatsApp si ipo? Ipo, ila hapa ilifungwa mwaka 2017, na WeChat wateja wengi wa nyumbani hawana. Tena bei iliyotumwa WhatsApp inazama katikati ya michango ya harusi, wakati barua pepe mtu anaitafuta baada ya miezi mitatu na kuikuta. Gmail nayo haifunguki hapa bila mbinu, lakini barua uliyoituma kwa anwani nyingine inamfikia mwenye Gmail kule Mwanza bila shida.

Kazi ya kwanza ni orodha ya majina, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanazoa kadi za biashara kwenye Maonyesho ya Canton, au wananunua anwani elfu kumi kwa mtu wasiyemjua, halafu wanazimwagia matangazo. Wanaopokea wanabonyeza "barua taka", na baada ya hapo hata barua zako za maana haziwafikii waliozitaka. Isitoshe, Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Anza na daftari la dukani. Muulize kila mteja: "Tukuandikie mzigo mpya ukipatikana?" Aliyekubali mwandike, pamoja na tarehe na kitu anachonunua. Watu thelathini waliokubali wanatosha kabisa kuanza.

Waandikie kitu kinachowafaa. Kalenda ya huku peke yake ni habari kwao: maonyesho ya Canton huanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, kwa awamu tatu, mashine na umeme vikitangulia, nguo zikija awamu ya mwisho. Viwanda hufungwa wiki kadhaa wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, Januari au Februari. Mtu wa Singida anayetaka mashine ya kukamua alizeti kabla ya mavuno anahitaji kuyajua hayo mapema. Kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe: "Mashine za alizeti: oda kabla viwanda havijafungwa". Siyo "OFA KABAMBE!!!". Barua moja, jambo moja. Picha ziwe ndogo, maana mtu anafungua kwa simu na bando ni lake. Chini weka njia ya kujiondoa, na anayejiondoa mwache aende zake.

Sasa niingie kwenye fani yangu kidogo, maana hapa kuna pesa za watu. Kuna wizi unaowaliza wafanyabiashara: tapeli anajifanya muuzaji, anaandika "akaunti yetu ya benki imebadilika, tuma malipo huku", na mteja anatuma. Barua pepe ya asili haina mlinzi. Mtu yeyote anaweza kuandika jina lako kwenye sehemu ya mtumaji, kama unavyoweza kuandika anwani yoyote nyuma ya bahasha. Ndiyo maana duka linunue domeni yake, mfano inayoishia na .co.tz au .co.ke, kisha fundi aweke vitu vitatu. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni muhuri wa kidijitali unaoonyesha kwamba barua haikuchezewa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa ukaguzi huo. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi vyote vitatu, na hata wewe mwenye thelathini utafika kwa urahisi zaidi ukiwa navyo.

Lakini muhuri huo haumzuii tapeli kusajili jina linalofanana na lako, herufi moja tu tofauti, wala aliyeiba nywila yako. Kwa hiyo waandikie wateja tangu barua ya kwanza: "Hatutabadilisha akaunti ya benki kwa barua pepe. Ukipata ujumbe kama huo, piga simu dukani kwa namba uliyokuwa nayo."

Kutuma kwa mkono, ukiwaficha wapokeaji wasionane, kunatosha mwanzoni. Wakifika mia hivi, tafuta huduma kama Mailchimp au Brevo. Hizo zitakuhesabia waliofungua barua, ila usiziamini sana: tangu 2021 simu za Apple zinaweza kuonyesha barua imefunguliwa hata kama mwenyewe hajaigusa. Hesabu waliojibu na waliokuja dukani. Na mtu akijibu, mjibu siku hiyohiyo, ukikumbuka kwamba Dar ikiwa saa nne asubuhi, huku kwetu ni saa tisa alasiri.